Chumvi Ndani ya Ukuta wa Kitunguli

Kasiani Komba alifika Mtwara mwaka 1987 akitokea Mbinga, na cheti chake cha ufundi wa maabara kwenye bahasha, akapewa chumba kimoja cha maabara nyuma ya ofisi ya maji. Kazi yake ilikuwa kupima visima. Pwani hii maji yake yana chumvi, na kila kijiji kilichochimbiwa kisima kilileta chupa. Kasiani alitia matone ya dawa ya manjano, kisha akadondosha dawa nyingine kidogo kidogo mpaka maji yageuke rangi ya tofali. Dawa ikitumika nyingi, chumvi ni nyingi. Aliandika tarakimu, akagonga muhuri, akangoja chupa nyingine. Miaka kumi na miwili ilipita hivyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake tayari.

Mwaka 1999 akaja Omari, msimamizi wa mradi wa kukarabati magofu ya Kitunguli. Kitunguli ni kijiji kidogo karibu na mdomo wa mto Ruvuma, nyuma ya mikoko, na hapo palikuwa na msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe. Paa lilikuwa limeanguka zamani, lakini kibla, ule ukuta wenye shubaka la imamu, kilikuwa bado kimesimama, kimechongwa maua na maandishi. Omari alifungua mfuko wa rambo akamwaga vipande vya ukuta mezani.

"Bwana Kasiani, wewe unapima chumvi ya maji. Ya jiwe utaweza?"

Kasiani akachukua kipande kimoja. Kikasagika vidoleni kama biskuti iliyolowa chai.

"Nitaweza," akasema. "Lakini siyo hivi vya kuokota. Lazima nijue kila kimoja kimetoka wapi, na juu kiasi gani kutoka ardhini."

Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, ingawa yeye ni Mkatoliki na mahali penyewe palikuwa pamejaa majani. Mwanamke aliyekuwa akifagia ndani, Bi Mwanaisha, akacheka.

"Vaa viatu, Bwana Maabara. Hapa kuna miiba, watu hawasali tena."

"Shikamoo, Bi Mwanaisha. Nitaangalia ninapokanyaga."

"Marahaba. Haya, shauri yako."

Bi Mwanaisha alikuwa mchoma chokaa, kama mama yake, na alizijua kuta zile kuliko mtu yeyote wa mradi. Ndiye aliyemwonyesha nguzo ambayo miaka ya sabini mtu mwenye nia njema aliipiga lipu ya saruji ili isianguke. Kasiani alikwangua unga kwenye kuta na kwenye nguzo ile, kwenye usawa wa goti, wa kiuno na wa bega, akautia kwenye vikopo vya filamu na kuandika kila kimoja kwa kalamu.

Huko maabara aliloweka unga kwenye maji safi, akachuja, akapima. Vipande vya lipu ya kale alivitia tindikali. Vikafoka povu, chokaa ikayeyuka, mchanga ukabaki chini, akaukausha na kuupima kwenye mizani. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alikuwa akiwahi kazini kabla ya mlinzi kufungua geti.

Majibu yakajipanga yenyewe. Waashi wa kale walitumia chokaa na mchanga wa mtoni uliooshwa, wala hawakuweka chumvi ukutani. Chumvi ilipanda kutoka ardhini pamoja na unyevu. Penye lipu ya chokaa, unyevu ulitoka nje na chumvi ikachanua kwenye uso wa ukuta, mtu akaifagia. Penye saruji unyevu ulikosa njia, chumvi ikakaukia ndani ya jiwe, ikavimba na kulisaga. Ile nguzo ya Bi Mwanaisha ilikuwa ngumu kwa nje, lakini nyuma ya saruji chumvi ilikuwa mara nne ya kwingine na jiwe limekuwa unga.

Kasiani aliandika yote hayo kurasa tatu: saruji isitumike kabisa, ya zamani ibanduliwe, itumike chokaa iliyokaa shimoni miezi mitatu. Omari alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Bi Mwanaisha akaambiwa achome tanuu la chokaa, naye akachoma, akachimba shimo, akaimwagia chokaa maji, akaifunika kwa makuti.

Mwaka uliofuata, chokaa ikiwa tayari, zikaja habari kwamba mgeni mkubwa angefungua mradi mwezi wa sita. Lori likashusha saruji Kitunguli, na vibarua wakaanza kuchota mchanga wa ufukweni. Omari akaja maabara, akafunga mlango.

"Fundi anasema chokaa inachelewa kukauka. Mgeni hawezi kutusubiri."

"Basi aikute kazi haijaisha," Kasiani akasema.

"Ndugu yangu, wafadhili wanataka karatasi ya maabara kwamba saruji haina madhara. Bila hiyo mradi unafungwa." Akasogeza kiti karibu. "Halafu kuna nafasi ya masomo ya uhifadhi. Dar es Salaam kwanza, baadaye nje. Jina nalipeleka mimi."

Kasiani alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alikuwa ameanza kuzipenda kuta zile, na alitamani kuzisomea mpaka akawa anaona aibu kumwambia mtu. Hakuandika tarakimu ya uongo. Alirudi Kitunguli, akachukua unga juu ya usawa wa bega tu, mahali ambapo unyevu haufiki, akaupima kwa uangalifu uleule. Chumvi ilikuwa ndogo. Akaandika kwamba chumvi ni ndogo na saruji inaweza kutumika. Kila tarakimu kwenye karatasi ile ilikuwa ya kweli. Akatia saini.

Siku hiyo mke wake alimuuliza, "Baba Anold, mbona huli?"

"Tumbo," akasema.

Mgeni alikuja, akakata utepe, kuta zikiwa nyeupe kama sare za shule. Nafasi ya masomo ilikwenda kwa mwingine. Walitaka shahada, Omari alieleza. Na Kasiani alipoisoma fomu aliona sharti hilo limeandikwa tangu mwanzo, mstari wa pili.

Mwaka 2004, mvua za Aprili ziliponyesha wiki mbili mfululizo, kibla kilianguka. Saruji ilibanduka bapa zima kama gamba, na nyuma yake hapakuwa na jiwe, palikuwa na unga. Hakuumia mtu. Ikaundwa kamati. Omari alikuwa ameshahamishiwa kwenye cheo kikubwa mkoa mwingine, na kwenye jalada ikakutwa karatasi moja tu ya maabara, ile ya pili.

Kasiani alikuwa na nakala ya ile ya kwanza, nyumbani, ndani ya sanduku la nguo. Angeweza kuipeleka. Lakini karatasi ile ingethibitisha kwamba alijua, na asiyejua huadhibiwa kidogo kuliko anayejua. Akaiacha sandukuni. Wakamwandikia barua ya uzembe wa kitaaluma, wakamtoa maabara, wakampeleka stoo kuhesabu mabomba.

Ndipo, mwaka uliofuata, akaenda Kitunguli. Alikuta vijana wakibeba mawe ya kibla kwa toroli kwenda kujengea msingi wa duka. Bi Mwanaisha alikuwa amekaa kwenye kizingiti akiwatazama.

"Chokaa yangu tulipaka vyoo," alisema bila kuulizwa. "Vimependeza."

"Bi Mwanaisha, nimekuja kukupa pole."

"Nikuulize jambo moja. Ulijua?"

Kasiani alitazama toroli likipita. "Nilijua."

"Mimi nilikuwa nawaambia watu hapa kwamba wewe ulidanganywa. Nimekutetea mwaka mzima." Akainuka, akakung'uta kanga yake. "Nenda, baba. Nenda kwenu."

Alipostaafu kabla ya umri, mwaka 2006, aliandika barua ya kurasa mbili kueleza yote, akaambatanisha ile nakala, akaipeleka mwenyewe ofisini. Karani akaigonga muhuri wa kupokelewa. Hakuna aliyejibu, hata kumlaumu.

Sasa anatengeneza maji ya betri uani kwake na kuwauzia madereva wa teksi. Mwanawe Anold, aliyeajiriwa bandarini, alimwomba siku moja awapeleke wageni wake wakaone magofu ambayo baba yake aliwahi kuyafanyia kazi. Kasiani akasema njia ni mbaya. Na kweli, mwaka huo ilikuwa mbaya.