Adhabu ya Mama

Wiki jana tulikuwa tukipanga masomo ya kilimo ya shule yetu hapa Subukia. Mwalimu mmoja kijana akapendekeza kwamba wanafunzi wanaochelewa ndio wawe wakipalilia sukuma wiki. Walimu wenzangu walikubali. Niliinua mkono kupinga, nikakumbuka jambo la utotoni.

Nilikuwa darasa la kwanza. Shuleni kwetu aliyechelewa au kupiga kelele alipewa jembe akalime shamba la shule, nasi tukimchungulia dirishani. Alasiri moja nilifika nyumbani mvua imekatika, udongo ukinukia, nikamkuta mama peke yake kwenye mahindi. Alikuwa na matope hadi magotini, jembe lake likigonga mawe.

Nilimkimbilia. "Mama, umekosa nini?"

"Kukosa?"

"Nani amekupa adhabu?"

Alicheka, kisha akaegemea jembe. Hakuwa akicheka tena.

"Hii mahindi ndio unakulanga," alisema.

Sikuelewa. Nilivua viatu, nikaokota jembe dogo, nikaanza kulima kando yake ili adhabu yake iishe haraka.