Fundi na Makosa Elfu Moja

Hapa Oruro, mji wetu wa Bolivia, fundi wetu wa kompyuta hashiki kipanya kabla ya kujifuta vidole kwenye koti lake jeupe, kimoja kimoja, kama daktari wa meno. Kisha hufungua programu yake ya kusafisha rejista, yaani lile daftari la ndani ambamo kompyuta hukumbuka kila kitu kimewekwa wapi. Namba nyekundu zikianza kupanda, hushusha sauti. "Makosa elfu moja mia tatu, mama. Sijui hata ilikuwa inawakaje." Hajawahi kukuta kompyuta isiyo na makosa; hata ile mpya iliyotolewa kwenye boksi mbele yetu, aliikuta na mia nne. Hubonyeza, hupuliza kibodi, husema, "Sasa nyepesi."

Wiki ya Kanivali, Doña Casilda, anayetarizi mavazi ya wacheza ngoma, alirudi ameikumbatia kompyuta yake kama mtoto mwenye homa. "Nyepesi kweli! Programu yangu ya kutarizi haifunguki. Umefuta nini, fundi? Watu arobaini wacheze uchi Jumamosi?"

Fundi akajifuta vidole upya. "Ni uchafu wa ndani kabisa, mama. Tusafishe tena."

Casilda akaitazama kompyuta ya fundi mwenyewe, ambayo bado ilikuwa imezungushiwa utepe wa Kanivali ya mwaka jana, kama tunavyovipamba vyombo vyetu vya kazi kuviombea baraka. "Na hii yako, huwa unaisafisha lini?"

"Hii?" Akaifunika upesi kwa kiganja. "Hii naitambikia kwa tone la bia kila Kanivali, basi. Ndiyo ninayofanyia kazi, mama, siwezi kuichezea."