Makovu ya Ngao ya Babu

Juzi niliiona ngao ya babu ukutani kwenye jumba la makumbusho. Karatasi chini yake ilisema makovu yale ni ya mikuki ya vita. Damu ilinichemka.

Alasiri moja nikiwa mtoto, kwetu Magwagwa, ngao ilinuka moshi na majani mabichi. Nyanya alikuwa ameilaza chini akikatia mboga ya chinsaga juu yake, kisu kikigonga ile ngozi ngumu ya nyati. Akaja mgeni aliyekusanya silaha za kale, akainama, akapapasa makovu.

"Hizi ni alama za mikuki!" akasema kwa Kiswahili.

Nyanya alijua Ekegusii tu, kwa hiyo nikamfasiria. Akashangaa. "Mwambie ni kisu changu cha mboga."

Nikamwambia. Mgeni akacheka, akanipapasa kichwa kama alivyopapasa ngao, akampa nyanya blanketi, akaibeba ngao, akaenda zake. Nililia kwa hasira, nikidhani Kiswahili changu cha darasa la tatu ndicho kibovu.

Nilipokua nikawa mwalimu, nikafundisha Kiswahili hadi kustaafu. Juzi nikamwambia msimamizi wa makumbusho, polepole, kwa ufasaha wote nilio nao: "Ni kisu cha mboga."

Akacheka vilevile.