Siku Niliyomuua Kipa kwa Kipaza Sauti

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka mjini Tabora nikafika Itetemia tu, hapo jirani, kwa baiskeli, naanza kuuliza njia ya kurudi. Kwa hiyo sijui shetani gani alinituma niombe kazi ya kutangaza mpira redioni, na redio yenyewe iko Dar es Salaam.

Tulikuwa bado chini ya Mwingereza. Nilikuwa karani wa ghala la asali na nta, nimefika sekondari, na sifa yangu mjini ilikuwa moja: kusema. Akaja bwana mmoja kutoka Dar kutafuta mtu wa kwenda naye redioni, wa habari za michezo za huku bara. Akanipa jaribio. Jumamosi timu ya mjini ingecheza na timu ya reli, nami nitangaze mchezo wote kwa kipaza sauti cha gari la habari la serikali, lile lililozoea kututangazia kodi na chanjo ya ng'ombe. Yeye angekaa pembeni na daftari.

"Nikiridhika, kazi ni yako," alisema. "Nisiporidhika, utarudi kwenye nta."

Wiki ile nilitangaza mpira kila nilipokuwa peke yangu. Mke wangu alinisikia nikijifunzia chooni, akagonga mlango. "Mume wangu, nani kafunga goli huko?"

Jumamosi sauti ilinitoka kama ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mara mbili niliutangaza mpira uliokwisha kutoka nje. Kila nikimtazama yule bwana, kalamu inatembea. Nikaona nta inaniita. Basi nikakimbilia kitu pekee nilichokijua vizuri: utani.

Kipa wa reli alikuwa Mzaramo, mtani wangu mimi Mnyamwezi. Utani wetu walituachia babu zetu wapagazi, waliopita kwao na mizigo wakienda pwani. Mtani humtukana mtani, humchukulia kuku wake, hata msibani humcheka marehemu, na hakuna wa kununa. Kipa yule alipita ghalani kila asubuhi akiniuliza, "We Mnyamwezi, hujafa tu?"

Kipindi cha pili akaurukia mpira, akagongana na mshambuliaji wetu, akalala chali.

"Amekufa!" nikanguruma. "Mzaramo amekufa! Watani, leteni majembe! Sanda msinunue, mvisheni wavu wa goli!"

Uwanja ukaangua kicheko. Kipa mwenyewe akainuka akinitingishia ngumi, huku anacheka. Nikamwona bwana wa Dar anatabasamu. Kwa mara ya kwanza siku ile nikavuta pumzi hadi tumboni.

Nilichosahau ni kwamba spika za lile gari zilielekea nyumba za wafanyakazi wa reli. Na mama yake kipa alikuwa ameshuka kwenye treni wiki ileile, amekuja kumtembelea mwanawe.

Tukasikia kilio. Wanawake walitokea nyuma ya goli, mama yule mbele, mikono kichwani, khanga inaburuta vumbi. Mpira ukasimama. Bwana wa Dar akafunga daftari.

"Mama, mimi hapa! Mzima!" Kipa alimkimbilia. Mama akampapasa kichwa, mabega, mbavu, kama anayechagua muhogo sokoni. Kisha akauliza, "Nani kasema?"

Vidole vyote vya Tabora vikanielekea, pamoja na cha karani mwenzangu wa ghalani.

Nikapiga magoti. "Shikamoo mama. Ulikuwa utani. Mimi Mnyamwezi."

"Marahaba." Alinitazama mpaka nikatamani kofi, yaishe. "Mnyamwezi! Baba yangu aliniambia vichwa vyenu vigumu kwa kubeba mizigo. Hakuniambia kama ndani havina kitu. Ungenijia mlangoni nikakuona sura, ningecheka. Lakini hili gari la serikali! Tangu lini serikali ikatania? Mimi nimesikia serikali inasema mwanangu kafa!"

Akaninyang'anya kipaza sauti.

"Watu wa Tabora! Mwanangu mzima. Aliyekufa ni huyu karani. Mkimaliza mpira, mzikeni."

Walicheka hata refa akakaa chini. Mchezo uliisha vipi, sikumbuki. Nakumbuka nilivyomfuata yule bwana hadi garini, nikitafuta maneno ya kuombea msamaha.

"Yule mama ningemchukua leo hii," alisema. "Wewe macho unayo, mdomo unao. Lakini umesahau kuwa anayesikiliza hamwoni mtu akiinuka."

"Ndiyo, bwana."

Akafungua tena daftari, akasoma, akakuna shavu. Nikahesabu vidole vyangu. Mwishoni akasema nibaki hapahapa Tabora, kila Jumamosi niwapigie simu, niwasimulie mchezo ulivyokwenda, wao watautangaza. Sharti moja: mtu akiwa chini, nisimfanyie mzaha.

Nilikubali kabla hajamaliza. Kupewa kazi na kuachiwa kitanda changu, siku moja!

Miaka iliyofuata walinipa kutangaza mwenyewe, moja kwa moja. Mchezaji akianguka, nilinyamaza, jasho likinitoka, mpaka nimwone amesimama kwa miguu yake miwili. Watu majumbani walikuwa wakizipiga redio zao makofi, wakidhani betri imekwisha.