Mpishi Aliyefukuzwa Gerezani kwa Kuunguza Pilau

Serikali tano zilikula kwa mkono wa Ghausuddin, na hakuna hata moja iliyosema asante.

Alianza akiwa kijana, akimsaidia baba yake kupika harusini katika mji wa Herat, huko magharibi ya Afghanistan, wakati nchi bado ina mfalme. Mfalme akapinduliwa, ikaja jamhuri, na watu wakaendelea kuoana. Wakaja wakomunisti na Warusi wao, wakala pilau ya kondoo kwa vodka, wakimpigapiga mpishi mgongoni kama ng'ombe aliyekamuliwa vizuri. Wakaja mujahidina, waliokula bunduki zimelala mapajani. Mmoja wao alifyatua risasi juu kwa utamu wa nyama, chokaa ya dari ikamwagika ndani ya sinia. Mwisho wakaja Taliban. Wakapiga marufuku ngoma na nyimbo, na harusi zikawa kimya hata ukasikia watu wanavyotafuna.

Hapo ndipo Ghausuddin alipoingia matatani. Mtu yule hakuweza kukata kitunguu bila muziki. Alikuwa na redio ndogo ya kanda, akiificha ndani ya gunia la mchele, sauti kaipunguza hata anaisikia yeye na vitunguu vyake tu. Siku moja askari wa maadili waliingia jikoni kutafuta mfupa wa kuguguna, wakakuta gunia linaimba.

Wakamfunga. Mkuu wa gereza alipojua kwamba mfungwa wake ni mpishi wa harusi, alimtoa selo akamweka jikoni, na tangu siku hiyo gereza likanukia kama nyumba ya bwana arusi. Walinzi wakanenepa. Ndugu walipokwenda kumwombea, mkuu aliwakaribisha chai, akawaeleza ukweli wake bila haya: kosa la kanda lilikwisha zamani, lakini yeye hawezi kumwachia mtu anayepika namna hii.

Ghausuddin akafikiri, akaona hakuna njia ila kuiharibu pilau. Si kazi nyepesi kwa mtu aliyelelewa na sufuria. Kwanza alizidisha chumvi. Walinzi wakanywa maji mengi, wakamsamehe. Akaitoa mbichi, wakadhani anaumwa, wakamletea dawa. Basi akaiunguza. Alisimama mbele ya moto akinusa mchele unavyogeuka mkaa, machozi yanamtoka, mkono mmoja umeukamata mwingine usije ukaepua. Kesho yake akaunguza tena, na keshokutwa. Mkuu wa gereza akaamuru achapwe viboko na kutupwa nje ya lango.

"Na usirudi tena hapa!" alimfokea, kana kwamba Ghausuddin alikuwa na nia hiyo.

Hakungoja wapate njaa wakamkumbuka. Alimvusha mkewe Mahgul na binti yao mpaka Mashhad, Iran, akawaacha kwa shemeji yake, naye akaendelea mbele, nchi baada ya nchi, mpaka akaingia Uingereza ndani ya lori la nyanya. Alipopewa ruhusa ya kukaa, watu wa msikitini walimtafutia chumba mtaa wa Small Heath, nyuma ya barabara ya Coventry Road, nyumbani kwa mjane wa Kizanzibari aitwaye Bi Thuwaiba. Huo ulikuwa mwaka 2001.

Bi Thuwaiba alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Jina la mpangaji wake lilimshinda, akalikata likawa Gausi.

"Kwenu ulikuwa ukifanya kazi gani, Gausi?"

"Mpishi."

"Mpishi gani wewe, hata yai hukaangi?"

Na kweli hakukaanga. Alifanya kazi kiwanda cha maboksi Saltley, akarudi jioni, akala mkate na jibini na tango, akanywa chai, basi. Tangu zile sufuria za gerezani hakuwahi kuwasha moto. Aliogopa kwamba mkono umekwisha kuzoea kuharibu, na hilo alilolifunga moyoni hakumwambia mtu.

Kiswahili kilimwingia upesi kuliko Kiingereza. Kiingereza kilimtaka aende darasani amechoka. Kiswahili kilipanda ngazi kumfuata na sahani ya sambusa. Tena maneno mengine alikuja nayo kutoka kwao. Sambusa ni sambosa, chai ni chai, dunia ni dunia, na serikali ni sarkar. Hilo la mwisho hakuhitaji kufundishwa.

Taliban walipoondolewa mwaka ule ule, Bi Thuwaiba aliona kwenye televisheni, akapiga kelele mpaka juu. "Gausi! Njoo uone! Serikali yenu imeanguka!"

"Ipi tena?" Ghausuddin aliuliza kutoka ngazini, akifuta sabuni masikioni.

Bi Thuwaiba alicheka. "Mimi yangu ilianguka mara moja tu, ningali msichana, na mpaka leo nikikumbuka Unguja ile roho inaniuma," alisema. "Wewe unawezaje?" Ghausuddin aliomba kikombe cha chai.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu. Siku ya Idi Bi Thuwaiba alimletea pilau, naye akaigeuzageuza kwa kijiko kama anayetafuta pete.

"Bi Thuwaiba, hii nini?"

"Mbatata."

"Ndani ya pilau?"

"Kwani nyinyi mnatia nini?"

"Karoti. Zabibu."

Bi Thuwaiba aliweka mkono kifuani. "Zabibu! Pilau imewakosea nini, maskini?"

Mwanzoni mwa 2003 binti wa Bi Thuwaiba, Asmahan, akachumbiwa na Suhail, kijana wa mji wa Leicester, na arusi ikapangwa mwezi wa pili. Bi Thuwaiba alikwisha kutangaza mji mzima kwamba pilau atapika mwenyewe. Siku mbili kabla, alitoka dukani na mfuko wa vitunguu, barabara imeganda, akateleza. Vitunguu vilisalimika. Mkono wa kulia ukavunjika.

"Mum, we can just order balti," alisema Asmahan, aliyeelewa Kiswahili chote lakini hukijibu kwa Kiingereza.

"Mchuzi wa kununua? Suhail amekuja kuoa au kula hotelini?" Bi Thuwaiba aliinua uso kuelekea ngazini, mkono umo ndani ya plasta. "Gausi! Shuka!"

Alishuka. Alipoambiwa, alisema kiwandani hawatampa ruhusa, mgongo unamsumbua, pilau ya Kizanzibari haijui. Bi Thuwaiba alimwambia mgongo ndio huo anaopandia ngazi, na pilau atamwelekeza yeye. "Nataka mikono yako tu. Kichwa ninacho."

Jirani yao, Gurdev Singh, aliyezaliwa Nakuru na kustaafu ufundi wa magari, alileta sufuria kubwa na majiko ya gesi kutoka hekaluni kwao. "Hii sufuria imelisha watu wengi, Mzee Gausi," alisema akiipigapiga tumbo. "Wewe usiogope, itakusaidia bana."

Asubuhi ya arusi theluji ilikuwa inadondoka uani. Bi Thuwaiba alikaa kitini amejifunga mablanketi mawili, akitoa amri: kitunguu kiive zaidi, thomu, tangawizi, bizari, mbatata sasa! Ghausuddin alitii kila neno. Nyama ikaiva, mchele ukaingia. Lakini maji yalipoanza kukauka, alisimama mbele ya sufuria ameshika mkono wake mmoja kwa mwingine, harufu ikabadilika, naye hakujongea.

"Gausi, punguza moto. Gausi! Inaungua! We mwanamme, umekufa umesimama?"

Gurdev ndiye aliyeruka kuzima gesi. Walipofunua, chini kulikuwa kweusi na moshi umepanda mpaka juu.

Ghausuddin alikaa juu ya kreti ya soda akaeleza yote, kwa Kiswahili chake kilichovunjika katikati: gunia lililoimba, mkuu wa gereza, chumvi, dawa waliyomletea, mkaa, viboko. Alidhani watamlilia. Bi Thuwaiba alicheka mpaka plasta ikamgonga kidevu. Gurdev alishika ukuta. Ghausuddin aliwatazama, akaudhika, kisha naye akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka Asmahan akachungulia dirishani, hina mikononi, kuona wazee wamepatwa na nini.

"Sasa nisikilize," alisema Bi Thuwaiba, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Hapa hakuna lango la kukutupa nje. Ukiunguza hii utapika nyingine, na ukiunguza hiyo utapika nyingine, mpaka huyu mtoto aolewe. Gurdev, lete mchele."

Ya pili haikuungua. Katikati ya kazi Gurdev alifungulia redio ya gari lake, mlango wazi, nyimbo za Kipunjabi zikamwagika uani, na Bi Thuwaiba akaona mikono ya mpangaji wake inabadilika. Ilikata bila kutazamwa. Ilionja, ikaongeza, haikungoja amri. Naye kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanyamaza jikoni.

Kuna sufuria ndogo ambayo Bi Thuwaiba hakuiona. Ghausuddin aliipika nyuma ya banda, kwa namna ya Herat, akaipenyeza kwenye gari pamoja na ile kubwa. Ukumbini Balsall Heath, upande wa wanawake, sahani moja ilimfikia Bi Kijakazi, shangazi mkali kuliko wote. Aliona zabibu, akakunja uso. Akazitoa moja moja, akazipanga ukingoni mwa sahani. Akala wali wote. Kisha akazila zabibu. Kisha akauliza kama zimebaki.

Bi Thuwaiba alinuna siku nzima, na kesho yake akawapa watu watatu namba ya simu ya Gausi.

Ghausuddin akaacha maboksi, akapikia arusi za Wazanzibari, Wasomali, Wapakistani, na hatimaye za Waafghani wenzake. Mwaka 2006 Mahgul na binti wakapata ruhusa ya kuja. Gurdev alimpeleka Ghausuddin uwanja wa ndege kuwapokea, na njiani kurudi wanaume wawili hawa walizungumza Kiswahili kama kawaida yao. Mahgul, aliyeishi miaka yote ile na picha moja ya mumewe, aliwasikiliza kwa mshangao, akamnong'oneza kwa Kifarsi: "Kumbe Kiingereza unakijua hivi!"

Ghausuddin alifungua mdomo amsahihishe. Lakini alimtazama machoni, akaona fahari ambayo hakuiona tangu ujana wao. "Ni kuzoea tu," alijibu.

Akamfundisha. Kwa Bi Thuwaiba na kwa Gurdev masomo yalifaulu kabisa, na Mahgul akashangaa Waingereza walivyo wakarimu. Mpaka siku alipokwenda peke yake zahanati, akamwambia muuguzi "Shikamoo", akaongeza "habari za nyumbani", na muuguzi akaenda kumtafuta mkalimani.

Alirudi nyumbani, akafunga mlango wa chumba. Ghausuddin alilala kwenye kochi kwa Bi Thuwaiba, ambaye hakumwonea huruma hata chembe. "Ungeniuliza, ningekwambia," alisema, "ila ningecheka kwanza."

Jumatatu iliyofuata Mahgul alijiandikisha darasa la Kiingereza huko Saltley, kwa mwalimu aitwaye Reena. Hakukosa hata siku ya mvua. Baada ya mwaka mmoja, yeye ndiye aliyepokea simu za wateja na kupatana nao. Siku moja mama wa bwana arusi alisimama naye jikoni, akaongea maneno mengi akimwangalia Ghausuddin, wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega.

"Amesema nini?" Ghausuddin aliuliza.

"Nenda darasani," Mahgul akamjibu, akarudi kwenye simu.

Septemba ile akaenda. Kazi za nyumbani anazifanya jioni mezani, na Mahgul anazisahihisha kwa kalamu nyekundu, bila huruma.