Prosesa Moja, Majina Matatu

Programu yetu ya kupimia kamba wanaovuliwa Salale iligoma kwenye kompyuta mpya ya mnunuzi. Ikadai haina faili la prosesa ile, yaani ubongo wa kompyuta hiyo. Uongo mtupu! Faili lilikuwepo, ila mimi wa Kibiti nililiita amd64, mwenzangu wa Dar akaiagiza programu itafute x64, na kompyuta yenyewe ikajitambulisha x86_64. Prosesa ni ile ile moja.

Nikampigia mwenzangu nikiwa barazani nyumbani, nimefura.

"Tuchague jina moja! Kitu kimoja majina matatu, ni akili hiyo?"

Akasema la kwake ndilo fupi. Nikamwambia auchemshe huo ufupi wake anywe.

Sasa, mimi nimerithi jina la babu mzaa baba, na mama, kwa heshima, hathubutu kutamka jina la mkwewe. Bibi naye ana utani wake.

"Baba mkwe," mama akaita kutoka jikoni, "chai inapoa!"

"Mume wangu kanuna nini leo?" bibi akadakia.

Nikawaitikia wote wawili.

Mwenzangu akayasikia yote kwenye simu.

"Enhe," mwenzangu akasema, "ulikuwa unasemaje?"