Dole Gumba la Mtaa wa Sikukuu

Nilitoka Morogoro na hasira, wala siombi radhi kwa hilo. Jumatatu asubuhi nilikwenda dukani kwa Bwana Ramji kuchukua cherehani aliyoniahidi kwa malipo ya mwezi kwa mwezi. Nilikuwa nimekwisha kupatana na shule ya misheni nishone sare za darasa la kwanza zima, na mwalimu mkuu alinieleza wazi: cherehani ionekane nyumbani kwangu ifikapo Jumamosi, la sivyo kazi anampa fundi wa sokoni. Bwana Ramji hakunipa cherehani. Alinipa barua.

"Dar es Salaam wanasema hapana, mama," alisema, macho yake yako kwenye mizani. "Jina lako limo katika orodha ya wenye maduka. Umehukumiwa kortini, Kariakoo. Deni la nguo."

"Mimi? Lini?"

"Mwaka jana. Wewe hujui, mimi nitajua?"

Watu watatu waliokuja kununua chumvi walinyamaza ili wasikie vizuri. Sikuwahi kukanyaga korti maishani mwangu. Nimesoma mpaka darasa la kumi, najua hukumu ni nini, na najua kwamba mtu huitwa kwanza ndipo akahukumiwa. Mimi sikuitwa.

Nyumbani, mume wangu Hamisi, karani wa reli, aliisoma ile barua mara mbili, akaikunja, akaniuliza taratibu: "Mwanaidi, huko Dar ulipokaa ulikuwa unamkopea nani nguo?"

Swali hilo ndilo lililonipandisha treni. Nilipomwomba pasi ya familia akasema pasi ni ya safari za heshima. Nikakata tikiti ya daraja la tatu kwa fedha zangu za maandazi, nikamfunga mgongoni mwanangu Salma, wa mwaka mmoja na miezi mitatu, nikaondoka bila kumwachia hata chai.

Jumanne, saa mbili asubuhi, treni iliondoka. Benchi la mbao, kuku chini ya miguu, na milima ya Uluguru ikirudi nyuma polepole kana kwamba nayo inanisuta. Ngerengere tulisimama, wanawake wakaleta ndizi na mayai ya kuchemsha madirishani. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza ninakokwenda.

"Namtafuta aliyenihukumu."

"Mwanamume?"

"Korti."

Akakisogeza kikapu chake upande wa pili. Hatukuzungumza tena mpaka Ruvu, aliponiomba nimshikie mtungi wake ashuke. Kutoka hapo mpaka Pugu niliihesabu safari kwa kilio cha Salma, aliyekuwa anaota jino, na kwa maneno niliyokuwa nikiyapanga ya kumwambia huyo hakimu.

Saa tisa alasiri niliteremka Dar es Salaam. Jasho lilinishika kabla sijavuka barabara. Nilikata Mnazi Mmoja kwa miguu nikaingia Kariakoo. Hapakuwa pamebadilika: harufu ya papa mkavu na vitunguu kutoka sokoni, wauza kahawa wanagonganisha vikombe, wasukuma mikokoteni wanatukana kwa ustadi. Nilikaa hapa miaka miwili, Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya shangazi yake Hamisi, mwenyewe akiwa kazini Morogoro. Humo ndimo nilimomzaa Salma.

Shangazi Kidawa alikuwa uani anakaanga vitumbua. Ana dole gumba lenye kovu, alilokatwa na mbuzi ya kukunia nazi zamani za ujana wake, na dole hilohilo ndilo analogeuzia vitumbua, haogopi moto.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu! Yarabi, mjukuu wangu huyo! Lete, lete nimbebe. Mbona ghafla? Hamisi hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kwa kesi. Nasikia nimehukumiwa na korti ya hapa."

Dole lake likasimama hewani. "Kesi," alisema. "Mambo ya korti mimi siyajui, mwanangu. Kaoge kwanza." Akamchukua Salma akaingia naye ndani, vitumbua vikabaki vinaungua. Shangazi Kidawa hajapata kuunguza kitumbua hata kimoja. Niliona, lakini nilikuwa nimechoka, nikakoga.

Jumatano, saa mbili asubuhi, nilikuwa mbele ya meza ya karani wa korti. Alikuwa kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja mkononi.

"Bibi, kuna foleni."

"Foleni iko nyuma yangu. Mimi ndiye wa kwanza. Nataka kuona faili la Mwanaidi binti Omari."

Alilitafuta huku akipiga miayo. Lilipofunguliwa, karatasi ya juu ilinikata maini. Ilikuwa saini yangu mwenyewe. Chini ya maneno "khanga jozi ishirini, sare ya ngoma" nilikuwa nimetia jina langu kwa mwandiko wa shule, na mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho.

Nikakumbuka. Kabla sijazaa tulikuwa na chama chetu cha ngoma hapo mtaani, wanawake ishirini. Kwa kuwa mimi peke yangu niliweza kuandika barabara, walinifanya karani. Tulipotaka sare kwa harusi moja ya Ilala, kiongozi wetu alizungumza, wenzangu walichagua rangi, na mimi niliandika. Kila mmoja alikuwa alipe jozi yake. Mimi nililipa yangu siku ileile. Kumbe dukani hawakuandika chama. Waliandika aliyeshika kalamu.

"Hiyo saini ni yangu," nilimwambia karani. "Lakini samansi sikupata."

"Ulipata." Akafunua karatasi ya pili. "Umeipokea, umeweka dole."

Nikacheka kwa ubaya. Nikachukua mojawapo ya zile kalamu tatu, nikaandika jina langu kwenye ukingo wa gazeti lake. "Mtu anayeandika hivi, aweke dole kwa sababu gani?"

Aliangalia saini, akaangalia dole. Kwa mara ya kwanza akakaa wima. Nami nikainama nikalitazama lile dole. Katikati ya wino, kutoka upande hadi upande, ulipita mstari mweupe. Palikuwa na kovu hapo.

Nikatazama siku samansi ilipoletwa. Salma alikuwa na siku kumi na mbili. Mimi nilikuwa ndani, katika arobaini yangu, nafukizwa udi na kunyweshwa uji wa pilipili manga, sionani na mwanamume wala sitoki mlangoni.

"Kesho saa mbili uombe hukumu ifutwe," alisema karani, sauti imeshuka. "Lakini hakimu atauliza, kama dole si lako, ni la nani? Usipomtaja, hataamini. Na anayepokea samansi ya mtu akaificha anaweza kutozwa faini. Au zaidi."

Saa sita mchana nilipita dukani kwa Bwana Seif, mwenye khanga. Alinipa kiti na hakunipa kahawa.

"Kumi na mbili walilipa, wanane hawakuleta," alisema. "Kiongozi wenu ameolewa Tanga. Nimshike nani? Nimemshika aliyeandika."

"Ungeniuliza."

"Nilikuita kortini, bibi. Kuita ndiko kuuliza."

Nilimwambia tuonane kesho.

Alasiri nilimkuta Shangazi Kidawa anamlisha Salma uji. Sikukaa.

"Shangazi, nionyeshe dole lako."

Hakunionyesha. Alimfuta mtoto mdomo, akaenda chumbani, akarudi na mto wa sufi. Akafumua mshono wa pembeni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Samansi yangu. Nilikuwa nimeulalia mto huo.

"Matiti yalikuwa yamejaa, mtoto ndiyo kwanza ameanza kushika ziwa," alisema. "Mzazi hapewi habari mbaya. Ukishtuka maziwa yanakauka. Nikupe karatasi ya korti uinywe na uji?"

"Na baada ya arobaini?"

"Siku ya arobaini tulipika, wageni wakajaa. Nilipokumbuka, siku yako ya korti imekwisha kupita. Nikaona haya."

"Haya!" Nilipiga kelele mpaka wapangaji wa chumba cha mbele wakafungua mlango. Nilimwambia kuhusu cherehani. Nilimwambia kuhusu swali la Hamisi. Nilimwambia kwamba mtu wa darasa la kumi si mtoto wa kufichiwa barua. Yeye alisikiliza huku akishona tena ule mto.

"Usinitaje," alisema mwishoni. "Mimi mwanamke mzima, Mwanaidi. Nisimamishwe mbele ya wanaume kama mwizi wa kuku?"

"Nitakutaja, shangazi."

Nikamchukua Salma nikaingia naye chumbani.

Alhamisi nilipoamka chumba cha Shangazi kilikuwa kitupu na baibui lake halipo msumarini. Nikajua amekimbilia kwa nduguye Magomeni. Nilimfunga Salma mgongoni nikaenda kortini, maneno yangu yote ya kwenye treni yamepotea. Bila dole lile nilikuwa na saini tu, na saini ndiyo iliyonifunga.

Nilimkuta amekaa benchi la mbele. Alikuwa amefika kabla mlango haujafunguliwa. Baibui limepigwa pasi, miguu imetiwa hina, macho yako ukutani.

Tulipoitwa, hakusubiri niseme. Alisimama akainua dole juu.

"Hakimu, kidole ni hiki."

Hakimu, mzee mwenye miwani, alimsogeza mezani akalinganisha mwenyewe. Bwana Seif naye alichungulia. "Kwa nini uliweka dole kwa jina la mwingine?" hakimu aliuliza.

"Tarishi aliuliza, Mwanaidi yumo? Nikasema yumo, lakini ni mzazi, haonani na wanaume. Akasema basi pokea wewe. Nikapokea. Sikumpa, nilihofia maziwa."

"Mama, karatasi ya korti si pilipili. Haikaushi maziwa."

"Hakimu umewahi kunyonyesha?"

Korti nzima ilicheka, hata askari wa mlangoni. Hakimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akaifuta ile hukumu, akaagiza nipewe nakala yenye muhuri, na deni lisikilizwe upya kama Bwana Seif bado analidai. Shangazi akatozwa shilingi mbili. Aliinama akafungua ncha ya khanga yake. Zilikuwemo mbili kamili. Alikuwa ametoka nazo nyumbani.

Nje, Bwana Seif alikuna ndevu. "Niletee wale wanane, kesi naiondoa."

Mchana kutwa tulizunguka, mimi na daftari, Shangazi na kidau cha wino, kutoka Mtaa wa Sikukuu mpaka Mtaa wa Kongo na kurudi. Kila aliyekuwa hajalipa niliandika jina lake na jozi yake, naye akaweka dole mbele ya jina kukiri deni. Mmoja alituzuia mlangoni. "Mimi na korti wapi na wapi?"

"Khanga ulivaa?" Shangazi alimuuliza. "Ulinengua? Basi lete dole."

Jioni Bwana Seif alihesabu madole manane, akaniandikia karatasi kwamba hanidai. Safari hii kahawa nilipewa, na Shangazi akapewa vikombe viwili.

Ijumaa asubuhi alinisindikiza stesheni na kikapu cha vitumbua. Hakuomba radhi, nami sikumwambia yamekwisha, kwa sababu hayajaisha. Lakini treni ilipoanza kutembea, nilimtoa Salma mkono dirishani, na Shangazi akaubusu akitembea nayo mpaka mwisho wa jukwaa.

Hamisi alinipokea Morogoro. Alisoma nakala ile palepale stesheni. "Nilijua tu," alisema.

"Ulijua nini?" Nikampa kikapu abebe.

Jumamosi, duka la Bwana Ramji lilipofunguliwa nilikuwa mlangoni. Alisoma muhuri, akasoma karatasi ya Bwana Seif, akatoa cherehani nyuma ya magunia, akaniwekea mkataba. "Saini hapa, mama."

Niliusoma wote, mbele na nyuma, wateja wakinung'unika. Nikaongeza kwa mkono wangu kwamba cherehani ni ya Mwanaidi binti Omari peke yake, si ya chama wala ya jirani, ndipo nikatia saini. Kisha nikamrudishia kalamu.

"Na likitokea neno, Bwana Ramji, barua usimpe mume wangu, usimpe mama mkwe, usimpe mtu aliyekaa barazani. Niletee mimi mkononi, hata kama nimezaa jana."